Rejeta ya Oili na Mbabula ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa malori makubwa ya mgodini, na nitangulize kusema kwamba sipendi kusahihishwa. Laure, mke wangu, anasema kichwa changu kilichongwa kwa chuma cha reli. Basi hadithi hii ya jinsi nilivyosahihishwa na kipande cha bati naitoa shingo upande. Lakini naitoa, kwa sababu nina watu wa kuwashukuru, na mmoja wao ni mtu ambaye mila hainiruhusu hata kumtazama usoni.

Mtu huyo ni Mama Mbombo, mama yake Laure. Tangu alipoteleza kwenye ngazi za kanisa na kuvunjika mfupa wa nyonga, anakaa kwetu Dilala, hapa Kolwezi, katika chumba cha nyuma chenye mlango wake. Kwetu mkwe huheshimiwa kuliko askofu. Sili mbele yake, siingii chumbani kwake, simgusi, na maneno yetu yote hupitia kwa Laure hata tukiwa hatua tatu. Yeye husema, "Laure, ambia mukwe chai iko tayari." Nimeshasikia, lakini nangoja Laure aniambie, kisha namjibu Laure. Wageni hutucheka. Sisi tumeishi hivyo kwa amani, na si nyumba nyingi zinazoweza kusema hivyo kuhusu mkwe.

Jumapili moja ya mwezi wa tano simu ililia kutoka Kisenge. Aliyepiga ni jirani wa Mama Louise, dada mkubwa wa Mama Mbombo, ndugu pekee aliyembakia kati ya sita. Kifua chake kilikuwa kimechoka. Jirani hakuzunguka. "Kama mudogo yake anakuja, akuje hii semaine," alisema, yaani juma lile lile. "Ile ingine, mi sijue."

Hawakuwa wameonana kwa miaka tisa. Mama Mbombo hakulia. Alimwambia Laure atoe kitenge chake cha sherehe na akipige pasi, na nikajua kwamba kazi imekuwa yangu.

Maana tungempelekaje? Hawezi kukaa robo saa bila maumivu. Teksi-basi ni ya kukaa, pikipiki tusiizungumze, na treni inayopita Mutshatsha huja siku inayotaka yenyewe, na ngazi yake iko juu. Alihitaji kusafiri amelala. Na katika barabara yetu nzima gari lenye kitanda ni moja tu, nalo ni Combi yangu.

Combi hiyo ni ya Kijerumani, ya mwaka elfu moja mia tisa sabini na nane. Ina kitanda nyuma, kisinki cha kuoshea vikombe, kabati la mbao na paa linaloinuka. Wazee wawili, mume na mke kutoka Uholanzi, walikuja nayo miaka kumi na miwili iliyopita wakizunguka Afrika, na gia ikawafia hapa Kolwezi. Walikaa kwetu majuma matano. Walipoamua kurudi kwao kwa ndege, walinipa funguo. Yule mzee alifungua mlango mdogo wa nyuma, ambako injini hukaa, akanionyesha kila kipande kwa kidole, kisha akatikisa kichwa na kupunga mikono. Hatukuwa na lugha moja, lakini nilimwelewa vizuri. Alikuwa ananiambia nisitoe kitu chochote.

Alipoondoka tu, nikatoa.

Mafundi wa Kolwezi tuna ugonjwa huu. Tukiona kitu kinachofunika injini, tunakitoa, ipate kupumua. Kalorstati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke injini ikiwa bado baridi, tunakitoa siku ya kwanza na kusema huku si Ulaya. Kwenye Combi nilikuta mabati matatu yamezingira injini pande zote, na mpira umeziba kila nafasi. Injini yenyewe haina maji, inapozwa kwa hewa tu. Nikajiambia, wazungu hawa wameifungia hewa nje. Nikafungua skrubu, nikatoa mabati na mpira, na injini ikabaki wazi. Nilijisifu kwa mwezi mzima.

Kwa miaka kumi na miwili gari lilikwenda kutoka Dilala hadi sokoni na kurudi, na halikuwa na muda wa kuchemka. Lakini Jumatatu ile, nilipolijaribu kwenye njia ya Mutshatsha, lilinionyesha tabia nyingine. Nilikuwa nimelifungia kipimo cha joto la oili, nilichokitoa kwenye kompresa iliyokufa. Kilomita ya arobaini, mshale ulifika nyuzi mia na thelathini na tano. Nilipopunguza mwendo, taa nyekundu ya oili ikaanza kuwakawaka, maana oili ilikuwa nyepesi kama maji ya mchele na haikuwa na nguvu ya kushikilia vyuma. Kutoka pale hadi Kisenge kuna zaidi ya kilomita mia mbili, nyingi zikiwa mchanga na gia ya pili. Nilirudi nyumbani polepole, nimefungua madirisha yote, namlaani kila Mjerumani.

Dawa niliijua. Injini hii ina rejeta yake ndogo ya oili, lakini haitoshi kwenye mchanga. Ilibidi niiongezee ya pili.

Jumanne nilikwenda kwa Muamba. Yeye ana kibanda kando ya njia ya mgodini, anabana mipira ya presha, yaani mabomba ya mpira ya kupitishia oili, ya mashine zinazochimba. Ni mtu mpole mwenye macho madogo, na anapokuambia jambo anaangalia pembeni, kama vile jambo lenyewe limesemwa na mwingine. Katika chuma chakavu chake tulipata rejeta ya oili ya gari la Kijerumani lililogongwa, pana kama sinia, na feni yake ya umeme bado inazunguka. Nilimweleza safari ni ya nani.

"Tata Stany," akaniita kwa heshima, akiangalia ukuta, "mama yangu alikufia Sandoa, mi niko hapa nabana mipira. Tufanye hii kazi leo."

Tuliifanya siku mbili, na sitasahau wema wake. Alichonga sahani nene ya chuma yenye midomo miwili, ikakaa kati ya injini na chujio la oili. Mdomo mmoja hutoa oili ya moto, mwingine huipokea ikirudi imepoa. Akabana mipira miwili mirefu. Rejeta tuliifunga chini ya sakafu, karibu na sanduku la gia, juu ya mpira ili isitetemeke, na mbele yake tukaweka wavu wa waya wa kuzuia mawe. Feni nikaiunganisha na swichi karibu na usukani. Kabla ya kuwasha tuliijaza rejeta na mipira oili kwa mkono, kwa sababu injini ikiamka na kukuta mipira mitupu, kwa sekunde kadhaa vyuma vinasagana vikavu. Tukawasha. Kiungo kimoja kikalia machozi, Muamba akakikaza nusu mzunguko, kikanyamaza. Tukaongeza lita moja na nusu. Wakati wote huo, kupitia dirisha la nyuma, nilimsikia Mama Mbombo akimwuliza Laure, "Ile motor inasema nini sasa?"

Jumatano alasiri tulitoka kujaribu. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshaanza kusimulia ushindi wake. Kwenye kilima kimoja baada ya daraja mshale ulipita mia na kumi, nikawasha feni. Ukapita mia na ishirini. Ukasimama mia na ishirini na nne, ukakaa hapo, na taa nyekundu ikaanza tena mchezo wake.

Nilipiga usukani kwa ngumi. Muamba alitelemka, akatandaza gunia, akaingia chini ya gari injini ikiwa inanguruma. Alikaa huko muda mrefu.

"Tata Stany," sauti ikatoka chini, "mi naona mawingu."

"Mawingu gani?"

"Mawingu ya mbinguni. Mi niko chini ya motor, sipaswe kuona mawingu. Mabati ya huku iko wapi?"

Akaomba kitambaa, akakiwasha, akakizima, akakishika kikitoa moshi karibu na bomba la ekzosi. Nikainama kutazama. Moshi haukwenda nyuma. Ulipanda wote kupitia pale penye uwazi, ukazunguka injini, ukamezwa na feni kubwa ya kupozea. Alifanya hivyo mara tatu, polepole, nadhani kwa ajili yangu.

"Radiateur yako haina kosa," akasema. "Ila motor inavuta moto yake yenyewe. Inatoa chini, inakunywa juu. Batu bale baliweka mabati juu ya kutenganisha hewa ya baridi na ya moto. Ni nani fundi alitoaka?"

Aliuliza akiangalia pembeni, na nadhani alijua. Mficha uchi hazai. Nikamwambia ni mimi. Nikamwona yule mzee wa Uholanzi akipunga mikono uani kwangu, na mimi nikiitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili.

Mabati mawili madogo yalikuwa kwenye mlango wa banda la kuku. Hayo niliyang'oa jioni ile ile, na mpira niliukuta ukifunga mzigo wa kuni, bado mzima. Lakini lile la tatu, refu la nyuma, ndilo linaloziba sehemu kubwa. Na nilijua liko wapi. Niliposema nimeishi na mkwe wangu kwa amani, sikusema ilianzaje.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu Mama Mbombo hakunikubali. Alimwambia Laure kwamba fundi ni mtu wa kutengeneza vya wenzake na kuacha vyake. Ndipo nikachukua lile bati refu, nikalikunja mwenyewe kuwa duara, bila kulikata, nikalifunga kwa ribiti kwenye matundu yake yale yale. Nikatia kitako na wavu wa makaa. Ukingo wake ulioviringwa, uliokuwa wa kushikilia mpira, ukawa mdomo wa kukalia sufuria. Ikawa mbabula, jiko la makaa, ambayo hakuna mwanamke mwingine Dilala aliyekuwa nayo. Nikamtumia kwa mkono wa Laure.

Tangu siku ile nikawa mkwe. Ile mbabula hakuipikia bukari, ugali wetu wa kila siku. Aliitoa Krismasi na Pasaka, akaipikia wageni, akaifuta majivu, akaifunga kitenge na kuirudisha chini ya kitanda. Barabara nzima ililazimika kusikia habari zake. Mpaka Kisenge, kwa simu, dada yake aliambiwa.

Mtu anaweza kumwomba mkwe wake arudishe zawadi? Kwetu afadhali uombe meno yake. Nilijaribu kwanza njia ya mwoga. Alhamisi asubuhi nilikata bati la nyumba, nikalipinda, nikalifunga. Ni laini mno. Injini ilipopata kasi likapiga kelele kama debe la harusi, likachanika pembeni na kutaka kuingia kwenye feni. Tukalitoa.

Nikamwendea Laure jikoni, nikamweleza yote, nikamwomba akaseme na mama yake.

"Mi?" Laure akaweka mwiko chini. "Hapana, Stany. Maneno yote ya miaka kumi na mbili nimebeba mi. Hii ya kuomba mbabula, utabeba wewe."

Maji nilikuwa nimeyavulia nguo. Nikazunguka nyumba, nikasimama nje ya dirisha la chumba cha nyuma, nikageuza mgongo kama inavyotakiwa, nikatazama banda la kuku lisilo na mlango. Laure akaingia ndani kukaa na mama yake. Nikamwambia Laure, kwa sauti ya kusikika, habari yote. Nilitoa bati nilipokatazwa. Nilijisifu. Zawadi niliyoipeleka kwa kiburi ilikuwa kipande cha ile ile injini, na bila kipande hicho injini haifiki Kisenge. Nilisema naona haya. Nilisema kama mama anakataa nitaelewa, na nitatafuta njia nyingine, ingawa njia nyingine sikuwa nayo. Jasho lilinitoka kuliko chini ya lori lolote.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitegemea. Mama Mbombo alikuwa anacheka, cheko la ndani la mtu anayeogopa kutikisa nyonga.

"Laure, ambia mukwe hivi," akasema. "Hii mbabula haiko yake tena. Alinipatiaka. Kitu ya kwangu, mi njo napatiaka mutu. Haichukui, hairudishi. Mi Mbombo namupatia mukwe yangu mbabula, kwa mukono yangu. Atafanya nayo ile anapenda."

Laure akaanza kunirudishia maneno hayo, akalia katikati.

"Na umuambie tena," mama yake akaendelea. "Mbele ya ile siku, nilikuwa nasema mutoto yangu ameolewa na mutu ya mikono ya mafuta. Ile siku niliona hii mikono ilikaa chini, ikanifikiria mi. Kwa ile nilimushukuru Mungu. Mpaka leo namushukuru. Sasa alete spana, safari ni kesho."

Laure akaitoa mbabula dirishani, imefungwa kitenge. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaiweka chini, nikapiga magoti palepale kwenye vumbi na mgongo wangu ukiwa bado umegeukia dirisha, nikakunja viganja na kupiga makofi yale ya polepole ya kushukuru, kama nilivyomwona babu yangu akiwapigia wakwe zake. Sioni aibu kusema hivyo.

Muamba alizitoa ribiti kwa patasi nyembamba, akilikunjua bati kwa nyundo ya mbao ili lisipate mikunjo. Lilikuwa jeusi upande mmoja kwa moto wa sikukuu za miaka kumi na miwili, lakini zima, na matundu yake yote yakakubali skrubu. Tukarudisha mpira kwenye ukingo wake. Muamba akaingia chini ya gari.

"Mawingu?" nikamwuliza.

"Giza, tata. Giza muzuri."

Kwenye kile kilima, feni ikizunguka, mshale ulisimama mia na tatu. Nilisimamisha gari juu kabisa, nikaacha injini ikinguruma taratibu, nikaingoja ile taa nyekundu. Haikuwaka.

Ijumaa asubuhi wanawake wa barabara yetu walimbeba Mama Mbombo pamoja na godoro lake na kumlaza kwenye kitanda cha Combi, huku mimi nikitazama matairi kwa bidii. Laure alikuwa ametundika pazia kati ya usukani na kitanda. Nyuma ya pazia hilo mkwe wangu alikuwa akiuliza kila saa, "Laure, ambia mukwe, kipimo inasema ngapi?" Nami namwambia Laure mia, au tisini na nane, au mia na sita penye mchanga mzito. Na kila mara, baada ya jibu, nilimsikia akisema, "Asanti, Mungu," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepokea kikombe. Tulilala Mutshatsha kwa binamu yake Laure. Jumamosi alasiri tuliingia Kisenge.

Mama Louise alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka na kuegemezwa mito. Alikuwa amekonda sana. Majirani wakamtelemsha Mama Mbombo na godoro lake, wakalilaza kando ya mkeka, na wale ndugu wawili wakashikana mikono na kutazamana kwa muda mrefu hata majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki nyuma ya gari, najifanya nakagua oili.

Kisha Mama Louise, kwa pumzi fupi, akauliza, "Na mbabula? Unanisumbuaka na mbabula ya mukwe wako miaka yote. Haukuileta?"

"Niliileta," Mama Mbombo akasema. "Ama yenyewe njo ilinileta."

Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, hakumtafuta Laure.

"Stany, mutoto yangu. Fungua kule nyuma, dada yangu aone."

Sikungoja kuambiwa na mtu mwingine. Nilirudisha gari kinyumenyume hadi karibu na mkeka, nikazima injini, nikafungua ule mlango mdogo. Bati lilikuwa palepale mbele, jeusi, na matundu ya ribiti yanaonekana. Mama Louise akanyoosha mkono wake mwembamba, akaweka kiganja kwenye ukingo pale sufuria zilipokuwa zikikaa.

"Eh," akasema. "Bado iko na moto."

Hakuuondoa mkono. Mama Mbombo akaweka wake juu yake, na nikashika ule mlango usiwaangukie.